Kabla ya kukariri mifupa 206, chemsha mmoja

Jumapili usiku nilipata ujumbe wa msomaji wa miaka 19, yuko mwaka wa kwanza wa uuguzi: "Dada, nimefeli anatomia, sehemu ya mifupa. Niache kozi?" Niliusoma mara tatu. Maneno kama hayo niliwahi kumwandikia mama yangu, nikayafuta kabla ya kuyatuma.

Mimi nilifeli nikiwa nimejiandaa, na hilo bado linaniuma. Ukuta wa chumba changu Kayole ulijaa karatasi: pingili za uti wa mgongo, 7 za shingo, 12 za kifua, 5 za kiuno. Kwenye matatu nilikuwa nayarudia majina mpaka tao. Siku ya mtihani mifupa imepangwa mezani, kengele ikilia unasonga. Meza ya kwanza, fupaja, yaani mfupa wa paja. La kulia au la kushoto? Nililigeuza mpaka kengele ikalia. "Umekariri kama kasuku," mhadhiri akasema mbele ya wenzangu, nao wakacheka. Sijasahau.

Wiki iliyofuata nilienda soko la Burma nikanunua miguu ya mbuzi mchanga. Niliichemsha mchana kutwa. Nilipovuta mfupa wa paja, ncha yake ilibaki mkononi, kipande kirefu kikarudi sufuriani. Nilidhani nimeuvunja. Lakini palipoachana hapakuwa na makali. Palikuwa na vituta na vibonde, na nilipovirudisha vile vipande viwili vilikaa sawasawa kama chungu na kifuniko chake.

Katikati yao palikuwa na tabaka la gegedu, ile nyama ngumu inayopindika kama ya sikio, nalo lilikuwa limelainika kwa moto. Hapo ndipo mfupa hurefukia. Seli za gegedu hugawanyika na kujipanga safu. Zilizo upande wa kati ya mfupa huvimba, hufa, na mfupa mpya hujengwa mahali pake. Balehe inapokwisha, tabaka lote hugeuka mfupa na kimo kinakoma. Mtoto mchanga ana vipande karibu 300, mtu mzima 206, na hakuna kilichopotea: viliungana.

Baada ya hapo majina yalikaa yenyewe. Kichwa cha fupaja hutazama ndani kwenye nyonga, ule mstari uliotuna hukaa nyuma. Liweke kando ya paja lako na jibu utaliona. Sapu, yaani mtihani wa marudio, nilipata 74, na karatasi ile ninayo mpaka leo.

Kwa hiyo nyote mnaotaka kuvaa sare: shikeni mifupa. Papaseni miili yenu, kisha mshike tena. Acheni kukariri! Kwenye picha ya eksirei ya mtoto, tabaka lile la gegedu huonekana kama mstari mweusi, na asiyelijua atasema mtoto amevunjika. Akiwa ameumia hapo kweli na ukapuuza, mfupa unaweza kuacha kurefuka au ukakua umepinda. Huyo ni mtoto wa mtu.

Nawe mdogo wangu, usiache kozi. Anza na mtulinga: weka kidole chini ya koo, uufuate mpaka begani. Tumboni mwa mama ni miongoni mwa ya kwanza kugeuka mfupa, na ndio wa mwisho kumaliza kuungana, kwenye miaka ya ishirini na kitu. Wako bado haujamaliza. Niandikie siku ya sapu yako. Lile fupaja la mbuzi liko kabatini, nitakuletea tao.