Barafu Iliyeyuka: Nilivyojifunza Kuufundisha Utatu Mtakatifu

Miaka kadhaa iliyopita nilipewa darasa la Kipaimara parokiani kwetu hapa Tanga, vijana ishirini na kitu, kila Jumamosi saa nne asubuhi. Siku ya somo la Utatu nilijiandaa hasa. Nilinunua barafu ya mfuko dukani, nikabeba chupa ya maji, na chupa ya chai iliyojaa maji ya moto. Nikavipanga mezani. Haya maji, hii barafu, na huu mvuke unaopanda: kitu kimoja, hali tatu. Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Vijana wakaitikia kwa vichwa, nami nikajiona nimemaliza kazi iliyowashinda maaskofu.

Binti mmoja wa benchi la nyuma akanyoosha mkono. "Mwalimu, Yesu alipobatizwa Yordani, Baba alisema kutoka mbinguni na Roho akashuka kama hua. Sasa maji yaleyale yanakuwaje barafu na mvuke kwa wakati mmoja?"

Darasa likacheka. Nilifungua Mathayo 3 nikajifanya natafuta mstari, huku barafu ikiyeyuka na kulowesha daftari la mahudhurio. Jibu sikuwa nalo. Nilisema tutaliangalia wiki ijayo, na kila aliyewahi kufundisha anajua maana ya maneno hayo.

Yule binti alikuwa amempiga Sabelio bila kumjua. Huyu alifundisha Roma mwanzoni mwa karne ya tatu kwamba Mungu ni mmoja anayejitokeza kwa sura tofauti, mara Baba, mara Mwana, mara Roho, na Kanisa likamkataa. Mfano wangu wa barafu ulikuwa mafundisho yake yaleyale, nimeyatia kwenye mfuko wa nailoni.

Baada ya hapo nilihangaika na mifano mingine. Yai lina ganda, ute na kiini, lakini ganda peke yake si yai, ilhali Mwana si theluthi ya Mungu. Jua, mwanga na joto? Afadhali kidogo, ila mwanga hauna wa kumwambia "wewe". Bibi mmoja wa jumuiya yetu alinipa mafiga matatu, maana jifya moja haliinjiki chungu. Nilipenda methali yake, na chai yake pia, lakini mafiga ni mawe matatu. Ukiyafuata hayo unafika kwenye miungu watatu wanaosaidiana kubeba sufuria.

Ushauri wangu wa kwanza kwa anayetaka kuelewa au kufundisha Utatu ni kwamba aache kutafuta kitu kinachofanana nao. Mungu angekuwa na mfano kamili dukani, yale mabishano ya karne za kwanza yasingedumu miaka yote ile.

Aliyenifunza zaidi katika kipindi kile ni jirani yangu, mzee Mwislamu ambaye kila jioni hukaa barazani kwake na birika la kahawa. Nikipita natoa shikamoo, naitwa, nakaa. Siku moja akaniuliza, kwa upole tu, "Mwalimu, hebu nambie, moja na moja na moja ni ngapi?"

Nikampa jibu nililolisikia kwenye mihadhara: "Mzee wangu, mbona unajumlisha? Zidisha. Moja mara moja mara moja ni moja."

Akanimiminia kikombe kwanza. "Ehe. Na ukizidisha moja mara moja hadi zifike mia?"

"Moja," nikasema, nikiwa nimeshauona mtego.

"Basi kwa hesabu yako hata wangekuwa mia bado ni mmoja. Kunywa kahawa, Mwalimu."

Tangu siku ile sijaitumia tena hesabu hiyo, nawe usiitumie. Ni ujanja, na ujanja unaonekana. Isitoshe swali lake lilikuwa halali, ila lilihesabu kitu kisichohesabiwa. Hatusemi Mungu mmoja ni Miungu watatu, wala Nafsi moja ni Nafsi tatu. Tunasema Mungu mmoja, Nafsi tatu. Umoja unajibu swali la "ni nini?" na utatu unajibu swali la "ni nani?" Ukiyachanganya maswali hayo mawili, hata Mtakatifu Augustino, yule mwalimu mkuu wa Kanisa la kale, hatakuokoa.

Neno "nafsi" lenyewe ndilo lililonifungua macho, na wala sikulipata kwenye kitabu cha dini. Nilikuwa namsaidia mwanangu somo la Kiswahili: nafsi ya kwanza, mimi, nafsi ya pili, wewe, nafsi ya tatu, yeye. Msemaji, msemeshwa, msemwa. Nikaikumbuka Yohana 17, pale Yesu anapoinua macho na kusema "Baba". Hapo mimi anasema na wewe. Sura moja nyuma yake, Yohana 16:13, anamtaja mwingine: "yeye atakapokuja, huyo Roho wa kweli". Mimi, wewe, yeye. Nilikaa na daftari la mtoto mkononi kama mtu aliyeokota hela.

Baadaye nikagundua sikuwa wa kwanza. Tertuliano, mwandishi Mkristo wa Karthago, mji uliokuwa katika Tunisia ya leo, alipomjibu mtu aitwaye Praksea mwanzoni mwa karne ya tatu, alitumia hoja ya namna hiyohiyo: katika Maandiko yuko anayenena, yuko anayeambiwa, na yuko anayezungumziwa. Alipenda kutumia Zaburi ya 110, "Neno la BWANA kwa Bwana wangu". Ni yeye pia aliyelizoesha Kanisa la Kilatini neno la Utatu, yaani ni Mwafrika wa kaskazini, zaidi ya miaka 100 kabla ya Mtaguso wa Nisea, mkutano mkuu wa maaskofu. Ukikutana na mtu anayekwambia Utatu ulitungwa na mfalme Konstantino mwaka 325, mkumbushe Tertuliano. Na ukipenda muongezee kwamba Konstantino alibatizwa karibu na kufa, mwaka 337, na askofu aliyembatiza, Eusebio wa Nikomedia, alikuwa upande wa Ario, padri aliyekataa kwamba Mwana ni sawa na Baba. Kama alibuni Utatu, basi alijichagulia mbatizaji wa ajabu sana.

Nafsi hapa isichukuliwe kama tunavyosema "nafsi yangu imechoka". Ukiibeba maana hiyo nzima utapata watu watatu wenye akili tatu na matakwa matatu, kama wanakamati. Chukua ile ya darasani: anayeweza kusema mimi na kumwambia mwingine wewe.

Huko Nisea, mji ambao leo ni Iznik nchini Uturuki, walibishania nini basi? Ario, padri wa Aleksandria, alifundisha kwamba Mwana ni wa juu kuliko viumbe vyote, lakini naye ni kiumbe. Kulikuwa na wakati hakuwapo. Inasimuliwa kwamba mafundisho yake yalitiwa kwenye nyimbo za kuimbwa na mabaharia na wasaga nafaka. Sisi watu wa pwani tunajua wimbo unavyoweza kupenya mahali hotuba haifiki. Wapinzani wake, akiwamo shemasi kijana Athanasio, waliona jambo moja zito: Wakristo walikuwa tayari wanamwabudu Kristo na kubatiza kwa jina lake. Kama ni kiumbe, Kanisa zima limo katika kuabudu sanamu. Athanasio alikuja kuwa askofu wa Aleksandria, na msimamo huo ukamfukuzisha mjini mara tano.

Jibu la Nisea tunalo midomoni kila Jumapili na tunalipita mbio kama kituo ambacho daladala haisimami: "Aliyezaliwa bila kuumbwa, mwenye umungu mmoja na Baba." Siku hizi darasani nasimama hapo dakika ishirini. Seremala huunda meza, na meza si seremala. Lakini mtu humzaa mtu. Kuzaliwa, katika Kanuni ya Imani, ni kusema kwamba Mwana ni vile Baba alivyo. Wakati wala mama wa mbinguni hawamo humo. (Ndiyo, nimetumia mfano baada ya kuwakataza. Huu unaeleza neno tu, Mungu simfananishi na seremala.)

Hilo nililipeleka barazani. Mzee alidhani tunaamini Mungu alipata mke. Nilimwambia hata sisi tungemtoa kanisani mtu anayesema hivyo. Akashangaa kwa dhati, nami nikashangaa kwamba tumekuwa majirani miaka yote hiyo bila kulizungumza. Hakukubaliana nami kuhusu Mwana, wala sikutegemea akubali. Ila tulianza kutofautiana juu ya kitu tunachokiamini kweli.

Kuhusu Roho Mtakatifu, Kiswahili kimetufanyia kazi ambayo lugha nyingine zinahangaika nayo. Roho ni neno la ngeli ya I-ZI: roho yangu inauma, fulani ana roho nzuri. Kwa sarufi hiyo tungesema "roho takatifu inashuka". Lakini Kanisa linasema Roho *M*takatifu, *a*nashuka, *a*natufundisha, ngeli ya A-WA, kama mtu. Mashahidi wa Yehova, ambao hawaukubali Utatu na kwao roho ni nguvu ya Mungu, wanaandika "roho takatifu" katika Biblia yao ya Kiswahili. Wako sahihi kulingana na imani yao, nasi kulingana na yetu. Herufi moja imebeba mjadala wa mwaka 381, pale Mtaguso wa Konstantinopoli ulipokiri kwamba Roho anaabudiwa na kutukuzwa pamoja na Baba na Mwana. Sikiliza vijana wanavyosali. Anayesema "Roho Mtakatifu itusaidie" hajakosea sarufi tu.

Usiegemee mstari mmoja wa Biblia, jambo jingine lililoniumbua. Niliwahi kusoma mbele za watu 1 Yohana 5, "watatu washuhudiao mbinguni", na kijana akaniambia kwa adabu kwamba kwenye Biblia yake hayamo. Kweli hayamo katika nakala za kale za Kigiriki. Erasmo mwenyewe, mtaalamu aliyechapisha Agano Jipya la Kigiriki, hakuyatia katika matoleo yake ya 1516 na 1519, akayaingiza mwaka 1522 baada ya kulalamikiwa. Utatu hauanguki kwa kuondoka maneno hayo, maana mababa wa Nisea hawakuyategemea. Soma injili ya Yohana yote kwa mkupuo mmoja, itakufaa zaidi. Ukifika 14:28, "Baba ni mkuu kuliko mimi", usiruke. Soma na Wafilipi 2, kwamba aliyekuwa yuna namna ya Mungu alitwaa namna ya mtumwa.

Na jihadhari na neno "fumbo". Sisi tumelelewa na methali ya fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua, kwa hiyo mtu akiambiwa Utatu ni fumbo ama anajitia werevu wa kuligangua, ama anaona ameambiwa anyamaze. Makatekista tunapenda kile kisa cha Augustino na mtoto anayetaka kuimimina bahari kwenye shimo la mchangani. Hapa Tanga kinanoga, maana bahari iko hapohapo. Lakini ni hadithi iliyozuka karne nyingi baada yake, na Augustino halisi hakuondoka ufukweni akanyamaza. Aliandika juu ya Utatu vitabu 15, kwa miaka mingi.

Ubaoni sasa nachora pembetatu tu, mchoro wa tangu zama za kati. Pembeni Baba, Mwana, Roho Mtakatifu, katikati Mungu. Kwenye mistari inayoingia katikati naandika "ni". Kwenye mistari inayounganisha pembe naandika "si". Baba ni Mungu, Mwana ni Mungu, Roho ni Mungu. Baba si Mwana, Mwana si Roho, Roho si Baba. Kisha nawapa vijana chaki na kuwaambia wafute mstari wowote. Akifuta "si" amerudi kwenye barafu yangu. Akifuta "ni" amekaa na Ario.

Lakini pembetatu haiji kwanza. Somo huanza kwa ishara ya msalaba, polepole, mara mbili. Halafu nauliza, "Tumesema kwa jina, au kwa majina?" Jumamosi iliyopita walibishana hadi kengele ya saa sita, na mimi sikusema neno.