Bakteria wanaogelea hovyo, sasa gia inazungukaje upande mmoja?

Mdau mmoja anayesoma fizikia kaniuliza: "Mwalimu, nimeona video ya bakteria wanazungusha kigia ndani ya maji. Sa kama huyu anasukuma kulia na yule kushoto si nguvu zinafutana? Na umeme tunaweza kupata hapo?"

Aisee hili swali nalipenda, na wasiwasi wako ni wa haki kabisa. Ukiweka gurudumu laini au gia yenye meno yaliyosimama wima pande zote sawa, zinafutana kweli, kitatingishika tingishika tu hapo hapo. Siri iko kwenye meno. Yale meno yamelala upande mmoja kama ya msumeno, upande huu mteremko mrefu, upande ule ukuta mfupi. Bakteria akigonga mteremko anauambaa tu taratibu, na akielekea nje anafika kwenye ncha na kuondoka zake, ila akiambaa kuelekea ndani anaingia kwenye kona anakwama, na yeye hajui kama kakwama, mkia unaendelea kuzunguka, anasukuma ukuta mpaka ageuke. Wengi wakinasa kwenye kona zile, wote wanasukuma mzunguko wa upande mmoja, basi gia inatembea. Igeuze chini juu, itazunguka upande wa pili.

Mwaka 2010 watafiti wa maabara ya Argonne na Chuo Kikuu cha Northwestern kule Marekani walifanya hivi kwa bakteria anayeitwa Bacillus subtilis, gia yao ilikuwa na upana wa maikromita 380 (maikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita), yaani haifiki hata nusu milimita, lakini ni nzito kama mara milioni kuliko bakteria mmoja, na ilizunguka mara 1 hadi 2 kwa dakika! Kundi la watafiti wa Roma, Italia, nalo mwaka huo huo lilitumia bakteria wa E. coli kwenye gia ya maikromita 48. Wale wa Marekani walipopunguza oksijeni bakteria wakachoka na gia ikasimama, wakairudisha, ikaanza tena.

Hapo kwenye oksijeni ndo pa kushika vizuri, maana utaulizwa: mbona molekuli za maji nazo zinagonga gia hiyo hiyo kila sekunde na haizunguki? Kwa sababu maji yaliyotulia kwenye joto moja hayana cha kutumia, sheria ya pili ya themodinamiki (fizikia ya joto na nishati) inakataa kabisa upate kazi hapo, hata uchonge meno vipi. Bakteria yeye anakula, anachoma chakula kwa oksijeni ile, ana mota halisi kwenye mzizi wa mkia. Kwahiyo vinatakiwa vyote viwili, umbo lisilo sawa pande zote NA kiumbe anayetumia nishati, kimoja kikikosekana huna kitu.

Umeme sahau kwanza. Chukua E. coli mmoja, msukumo kama nusu pikonyutoni (pikonyutoni ni nyutoni moja ugawe kwa trilioni), mwendo maikromita 20 kwa sekunde, zidisha mwenyewe uone, wati moja tu inataka bakteria kama trilioni mara laki moja. Kazi yao ni kusogeza vitu vidogo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 2005 walibebesha mwani wa seli moja, Chlamydomonas, vigololi vya plastiki vya maikromita chache wakauongoza kwa taa, ukasafiri navyo mpaka sentimita 20, kwa kiumbe wa maikromita 10 hivi hiyo ni safari kweli.

Kama una maikroskopu shuleni jaribu hili: loweka nyasi kavu siku kadhaa, chukua tone la maji yale yakiwa yamejaa bakteria, tia unga kidogo wa chaki uangalie chembe zinavyosukumwa huku na huku, halafu kwenye tone lingine tia spiriti bakteria wafe kwanza, ndipo utie chaki. Chembe ndogo kabisa bado zitatetemeka, hiyo ni kazi ya molekuli, ila zile kubwa kubwa zitatulia.