Je, Biblia ya King James ilitafsiriwa ili kuwalinda wafalme?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, mchungaji. Kaka mmoja katika jumuiya yetu ametuambia kwamba Mfalme James wa Uingereza aliagiza Biblia mpya kwa sababu ile ya zamani ilifundisha kuwa mfalme anaweza kukaidiwa. Anasema Biblia hiyo imechezewa, na kwamba Warumi 13 imekuwa silaha ya watawala. Mimi naisoma kila siku pamoja na ya Kiswahili. Je, ni kweli? Na mtu akiamriwa na mtawala atende uovu, Warumi 13 inamfunga?

JIBU: Amina, dada yangu. Kaka yenu hakutunga hadithi. Sehemu ya maneno yake ni historia kabisa, ila hitimisho lake silikubali.

Biblia ya zamani anayoisema ni ile iliyochapishwa Geneva, Uswisi, mwaka 1560, kazi ya Waprotestanti wa Uingereza waliokimbia mateso ya Malkia Mary wa nchi yao. Watu waliipenda kwa sababu pembeni mwa kurasa ilijaa maelezo ya kumsaidia msomaji asiye na elimu ya theolojia. Sasa fungua Kutoka 1. Farao anawaamuru wazalisha wawili, Shifra na Pua, wawaue watoto wa kiume wa Waebrania. Wao wanawaacha hai, kisha wanamwambia Farao kwamba wanawake wa Kiebrania hujifungua kabla mzalisha hajafika. Kwenye mstari wa 19, maelezo ya Geneva yalisema kutotii kwao kulikuwa halali, ila udanganyifu wao ulikuwa mbaya. Ni maneno machache tu ya herufi ndogo, lakini Januari 1604, katika mkutano wa kanisa kwenye kasri la Hampton Court, James aliyataja, akasema maelezo ya namna hiyo yana uchochezi na fikra za uhaini.

Alitaja pia 2 Nyakati 15:16, ambapo Mfalme Asa anamvua mama yake cheo cha umalkia. Maelezo ya Geneva yalimlaumu Asa kwa kukosa bidii, kwani mama huyo alistahili kufa. Hapa namhurumia James. Mama yake mwenyewe, Mary wa Uskoti, alilazimishwa kuachia taji mwaka 1567, mtoto akiwa na umri wa mwaka mmoja na kidogo, na mwaka 1587 akakatwa kichwa Uingereza. Mtu mwenye historia hiyo asomeje maneno yale kwa utulivu?

Lakini angalia jambo ambalo kaka yenu hakulisema. Aliyeomba tafsiri mpya katika mkutano ule alikuwa John Reynolds, msomi wa upande wa Wapuritani waliotaka kanisa lifanyiwe matengenezo zaidi. Mfalme alilikubali ombi, na watafsiri wakaagizwa wasiweke maelezo pembeni isipokuwa ya kufafanua maneno ya Kiebrania na Kiyunani. Kilichoondolewa ni maelezo. Biblia ilipotoka mwaka 1611, Kutoka 1:17 ilikuwa palepale: wazalisha walimcha Mungu, hawakufanya kama walivyoamriwa na mfalme wa Misri. Na mstari wa 20 ulibaki ukisema Mungu aliwatendea mema.

Palipopindishwa ni kwenye mafundisho. Mwaka 1598, akiwa bado mfalme wa Uskoti peke yake, James aliandika kitabu akifundisha kwamba mfalme huwajibika kwa Mungu tu, wala raia hawana ruhusa ya kumwondoa hata akiwa dhalimu. Mwalimu aliyemlea kielimu, George Buchanan, alikuwa ameandika kinyume chake mwaka 1579: mfalme yuko chini ya sheria, na mamlaka yake yametoka kwa watu. Bunge la Uskoti lilikipiga marufuku kitabu cha Buchanan mwaka 1584. Mchungaji Andrew Melville naye, mwaka 1596 katika kasri la Falkland, alimshika James mkono wa vazi lake na kumwambia usoni kwamba Uskoti ina wafalme wawili: yuko James, na yuko Kristo Yesu, ambaye katika ufalme wake, yaani kanisa, James si mfalme wala bwana wala kichwa, bali ni mshiriki tu. Napenda wachungaji wetu waijue habari hiyo.

Mwaka 1610 James aliliambia Bunge la Uingereza kwamba wafalme huitwa miungu, na kwamba Mungu mwenyewe amewaita hivyo. Hilo ni neno la Zaburi 82:6. Soma basi zaburi yote, dada. Inaanza na Mungu akiwashtaki hao "miungu" kwa hukumu za dhuluma. Inawaagiza wamtendee haki maskini na yatima. Na mstari wa 7 unasema watakufa kama wanadamu. Andiko la kumtisha mtawala limegeuzwa kuwa taji lake, kwa kukata mstari mmoja na kuacha majirani zake.

Warumi 13 nayo imetendewa vivyo hivyo. Paulo anasema "kila mtu na aitii mamlaka iliyo kuu", na ni kweli inatubidi: kodi, sheria, heshima. Lakini mstari wa 4 unamwita mtawala mtumishi wa Mungu, kwa ajili ya mema. Mtumishi ana bwana wake. John Calvin, mwalimu mkuu wa Waprotestanti wa Geneva, aliyefundisha utii kwa mkazo mkubwa, anafunga sura yake ya mwisho kuhusu serikali kwa jibu la Petro katika Matendo 5:29: "Imetupasa kumtii Mungu kuliko wanadamu." Wakatoliki nao waligusa jambo hili. Francisco Suárez, padri wa shirika la Wajesuiti, aliandika mwaka 1613 kwamba Mungu huwapa wafalme mamlaka kupitia jamii ya watu, na James akaamuru kitabu hicho kichomwe London.

Je, hilo linaruhusu kumwaga damu? Hapa nakusihi uwe mwangalifu. Mfalme Charles, mwana wa James, alikatwa kichwa tarehe 30 Januari 1649, na waliomhukumu walikuwa na maandiko mikononi kama yeye alivyokuwa nayo. Kabla ya hapo jeshi lilikuwa limewafukuza bungeni wabunge wasiokubaliana nalo. Mwaka 1653 nchi ikawa chini ya jemadari Oliver Cromwell na jeshi lake. Sioni katika Kutoka 1 kibali cha mambo hayo. Shifra na Pua hawakushika upanga. Walikataa kuua, basi.

Kwa hiyo ukiamriwa kutenda uovu, kataa, na uwe tayari kubeba gharama yake. Warumi 13 haikufungi kutenda dhambi kwa niaba ya mtu yeyote. Na Biblia yako usiiweke kabatini. Endelea kuisoma, na jumuiya ikikutana someni Kutoka 1 na Zaburi 82 kwa sauti, mstari wa kwanza hadi wa mwisho, kaka huyo akiwepo.