Maswali ya Wasomaji: Pete za Quaoar

Swali: Mheshimiwa mhariri, mwanangu wa kidato cha pili ananiambia kuwa kuna gimba liitwalo Quaoar, lenye pete kama Zohali, ila halihesabiwi kuwa sayari. Je, ni kweli? Na pete hizo zilionekanaje kwa umbali huo?
Msomaji, Mikindani, Mtwara

Jibu: Ni kweli, ndugu msomaji. Quaoar, lililogunduliwa mwaka 2002 na Chad Trujillo na Michael Brown wa Marekani, ni gimba la barafu na miamba lenye kipenyo cha takriban kilomita 1,100, nalo hulizunguka Jua ng'ambo ya Neptuni kwa miaka ipatayo 288. Wanaastronomia wengi huliona kuwa sayari kibete, ingawa halimo miongoni mwa tano zilizotambuliwa rasmi.

Ukikaa usiku ufukweni hapo Mikindani, tanga la jahazi likapita mbele ya nyota iliyo chini karibu na maji, nyota huzimika kitambo, kisha huwaka tena. Ndivyo pete zilivyopatikana: Quaoar lilipopita mbele ya nyota za mbali, nuru ilififia kidogo hata pale ambapo gimba lenyewe halikuiziba, na mwaka 2023 wataalamu wakatangaza sababu yake. Linalonivutia mimi zaidi ni kwamba pete hizo ziko mbali mno na gimba, mahali ambapo, kwa hesabu zilizozoeleka, vipande vyake vingekwisha kushikamana vikawa mwezi. Mwezi mmoja, Weywot, lakini upo.