Usiifunike hiyo #N/A ya Excel kwa IFERROR, kagua kwanza mstari wa mwisho

Dada wa Kibaigwa, ukimfuata huyo jamaa aliyekujibu hapo juu utagawa mali bure. Umesema orodha ya bei za duka la jumla iko kulia, ankara iko kushoto, chumvi ikiwa mstari wa juu inaleta bei vizuri, chumvi hiyohiyo ikiwa chini inaleta #N/A, yaani haijapatikana. Jamaa kakujibu: "Zungushia IFERROR, weka sifuri, shiti itakaa safi." Acha kabisa. IFERROR inaficha alama ya kosa na kuweka kitu kingine mahali pake.

Fomula uliyobandika ni =VLOOKUP(A2,H2:I60,2,FALSE), yaani tafuta jina lililo A2 ndani ya safu ya H, uniletee bei iliyo pembeni yake safu ya I. Mstari wa 2 haina tatizo. Ulipoishika kona ukaivuta chini, kila kitu ndani yake kimeshuka nayo. Mstari wa 3 inatafuta H3:I61, wa 4 inatafuta H4:I62, na ukifika wa 25 inatafuta H25:I83. Bidhaa zote zilizo H2 mpaka H24 zimeshaachwa nyuma. Wewe chumvi unaiona kwa macho, fomula imeshaipita. Hiyo #N/A inakwambia kweli tupu: nimetafuta uliponituma, hakuna.

Iandike hivi: =VLOOKUP(A2,$H$2:$I$60,2,FALSE). Dola mbele ya herufi inafunga safu, dola mbele ya namba inafunga mstari. A2 iache bila dola, maana hiyo lazima ishuke kufuata bidhaa. Chagua H2:I60 ndani ya fomula, bonyeza F4, dola zinaingia zenyewe. Laptop nyingi zinataka ushikilie Fn kwanza. Kwenye simu andika dola kwa mkono.

Sasa nikueleze kwa nini nimepandwa na hasira. Nilikuwa natoa proforma, ile karatasi ya bei anayopewa mteja kabla hajalipa, kwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Dodoma, na bei nilikuwa nazivuta kwa fomula kama hiyo yako, bila dola, na IFERROR juu yake kama nilivyofundishwa. Orodha ya bei ilipangwa kwa alfabeti, kwa hiyo bati zilikuwa juu kabisa, saruji na waya huko chini. Fundi naye anaandika mahitaji kwa mpangilio wa kujenga: saruji, nondo, kokoto, mbao, mwisho kabisa kuezeka. Unaona mtego ulivyojitega? Saruji ilikuwa mistari ya juu ya proforma, bei ikaja sahihi. Bati zilikuwa mistari ya mwisho, na kule fomula ilishashuka ikaziacha. Bila IFERROR ningepata #N/A kwenye mstari wa bati, na jumla nayo ingekuwa #N/A, karatasi isingetoka dukani. Kwa IFERROR ikaingia sifuri, na kwa namna safu ile ilivyopangwa, sifuri inaonekana kidashi tu. Jumla ilikuwa mamilioni, VAT ya asilimia 18 imekokotolewa vizuri chini yake, mhuri ukagongwa. Mteja akalipa kiasi kilichoandikwa, gari likapakia, bati za nyumba nzima zikaenda bila kulipiwa hata shilingi. Alipopigiwa simu akasema proforma ina sahihi na mhuri wenu. Alikuwa na haki yake.

Mwalimu wa ile kozi ya kompyuta mpaka leo sijamsamehe. Alitufundisha IFERROR kwa mbwembwe, akasema mhasibu mzuri shiti yake haina alama nyekundu wala reli, yaani hizo alama za #. Dola hakuigusa. Mtu anachukua ada za watoto wa watu, anawafundisha kuzima taa ya hatari kwenye dashibodi, gari lenyewe hawafundishi kulikagua! Na hao wanaoendelea kulirudia hili mitandaoni wanaumiza watu wenye maduka yao, watu ambao hawana wa kuwafidia.

Kwa hiyo kila ukishusha fomula, kabla hujafanya lingine lolote, nenda seli ya mwisho kabisa chini, bonyeza F2. Excel itachora mraba wa rangi kuzunguka eneo ambalo fomula inasoma. Mraba ukikaa sawasawa juu ya orodha yako ya bei, endelea. Ukiona umeteleza, chini umezunguka seli tupu na juu umeziacha bidhaa za kwanza, basi dola haipo. Mstari wa kwanza usiuangalie, siku zote uko sahihi, ndio unaodanganya watu. Bonyeza Esc utoke.

Ukishafunga dola bado #N/A ikabaki kwenye bidhaa moja moja, hapo ni jina: mara nyingi kuna nafasi imebaki baada ya neno, "Chumvi " na "Chumvi" kwake ni vitu viwili. TRIM inaondoa hiyo. Ukikuta #VALUE! angalia kama kuna mtu ameandika 12,000/= kwenye bei. Hiyo /= inaigeuza namba kuwa maandishi, na ukizidisha inakataa. Ila uwe macho zaidi na SUM, yenyewe haikatai, inayaruka maandishi kimyakimya na kukupa jumla pungufu. Andika 12000 tupu. #REF! mara nyingi ni kwamba umefuta seli yenyewe ambayo fomula ilikuwa inaisoma, rudisha kwa Ctrl+Z kabla hujasevu na kufunga faili.

Toa IFERROR zote kama umeshaziweka, funga hiyo H2:I60, ishushe upya, halafu bandika hapa fomula ya mstari wako wa mwisho, sio wa kwanza, tuione.