Farasi mchanga wa telki: avalishwe lijamu gani?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni kijana wa Bukavu, sasa naishi Kentucky na nafanya kazi kwenye shamba la farasi. Nimekabidhiwa farasi jike wa aina ya Tennessee Walking Horse, ana miaka miwili na nusu, nami nimeanza kumpanda juzijuzi tu. Bosi alinipa lijamu (chuma cha kinywani) yenye mikono mirefu ya chuma pande zote mbili na mnyororo chini ya kidevu. Anasema bila hiyo farasi hawa hawapati mwendo wao. Tangu nimvalishe anarusha kichwa, anaachama, na ile telki, mwendo wake laini wa haraka, aliyokuwa nayo malishoni imepotea. Sasa anakwenda kama ngamia, miguu ya upande mmoja kwa pamoja. Nibadilishe lijamu? Nichukue ipi, na ya kipimo gani? – Msomaji, Kentucky.

JIBU: Marahaba mwanangu. Ndiyo, badilisha, tena leo. Lakini kabla hujaenda dukani, mtazame kinywani.

Miaka miwili na nusu ni umri mgumu kwa kinywa cha farasi. Ndipo magego ya utoto ya mbele yanapoanza kung'oka kusukumwa na ya ukubwani. Yanayofuata hung'oka karibu na miaka mitatu, na ya mwisho karibu na minne. Wakati huo fizi huuma, na kipande cha jino la utoto kinaweza kubaki kinaning'inia juu ya jipya. Tena farasi wengi wana vijino vidogo vinavyoota mbele kabisa ya magego, hasa taya la juu, mara nyingi kabla mnyama hajafunga mwaka. Havitafuni chochote, lakini lijamu ikivigonga utaona kichwa kinarushwa juu vilevile unavyoeleza. Ndiyo maana wakufunzi wengi huomba daktari avitoe kabla farasi hajaonja chuma.

Kuna sehemu unayoweza kuikagua mwenyewe. Simama ubavuni mwa kichwa, si mbele. Ingiza kidole gumba kwenye pembe ya mdomo, pale pasipo na meno, ubonyeze taratibu; ataachama. Angalia pembe zote mbili za midomo kama zimechubuka, kisha angalia ufizi ule mtupu ulio kati ya meno ya mbele na magego, kwa sababu lijamu inakaa hapo. Ukiona wekundu, uvimbe au kidonda, acha kumtia chuma mpaka apone. Huko nyuma kwenye magego usipeleke mkono hata kidogo. Mwachie daktari wa mifugo, ana kifaa cha kushikilia taya na taa ya kumulikia.

Sasa tuje kwenye hiyo lijamu uliyopewa. Kazi ya mikono yake ni kuzidisha nguvu. Ikiwa sehemu ya juu, kutoka kinywani hadi kwenye kitanzi cha ugwe wa shavu, ni sentimita 5, na ya chini hadi kwenye hatamu ni sentimita 15, basi nguvu ya mkono wako inafika kinywani na kidevuni ikiwa imezidi takriban mara tatu, na nyingine inabonyeza utosini nyuma ya masikio. Farasi aliyekwisha kufundwa, mwenye mpandaji wa mkono mwepesi, anaisoma ishara kabla ugwe haujakaza. Huyo wako hajajua bado kwamba kuvutwa kushoto maana yake ni kugeuka kushoto. Anachokipata ni maumivu yasiyo na maelezo, na hilo linanisikitisha kila nikilikuta, kwa sababu farasi wa aina hii ni wapole na wanajitahidi kukuridhisha.

Na mwendo? Telki ya farasi wa Tennessee ina mapigo manne: kila kwato inagusa ardhi kwa wakati wake, mguu wa nyuma unakanyaga mbele ya alama iliyoachwa na wa mbele wa upande uleule, na kichwa kinashuka na kupanda kufuata hatua. Ili afanye hivyo lazima shingo na mgongo viwe huru. Ukimkaba mdomo ananyanyua kichwa, anabonyeza mgongo, anakakamaa, na mapigo manne yanakunjamana kuwa mawili. Huyo ndiye ngamia wako. Ukimwongezea chuma, unaongeza ungamia.

Mwendo huu farasi huzaliwa nao. Mwaka 2012 timu ya watafiti iliyoongozwa kutoka Uppsala, Sweden, ilichapisha katika jarida la Nature ugunduzi wa badiliko kwenye jeni iitwayo DMRT3, inayohusika na mishipa ya fahamu ya uti wa mgongo inayopanga miguu. Badiliko hilo limeenea sana miongoni mwa farasi wa telki. Jike wako alikuwa nayo malishoni, akiwa hana kitu mdomoni, wewe mwenyewe umeiona. Kazi yako ni kumjenga misuli na mizani ili aweze kuifanya akiwa na mtu mgongoni.

Mimi ningemvalisha lijamu ya pete, ile ambayo hatamu inafungwa kwenye pete iliyo usawa wa mdomo, bila mikono, bila mnyororo. Kipande cha kinywani kiwe na viungo viwili na kidude kidogo cha mviringo katikati. Yenye kiungo kimoja ikivutwa pande zote hujikunja, ikabana ulimi na wakati mwingine ikachokoa kaakaa. Pete ziwe zisizozunguka, za umbo la yai, hazifinyi ngozi ya midomo na lijamu inatulia. Akiwa mgumu kuelewa kugeuka, ipo yenye vijiti virefu mashavuni, nayo inasaidia. Ila usidanganyike na jina: dukani utakuta lijamu za pete zilizosokotwa kwa waya mwembamba. Hizo ni kali. Ziache hukohuko.

Kipimo: pitisha kamba kinywani mahali lijamu inapokaa, uweke alama pale midomo inapoishia kila upande, kisha ongeza nusu sentimita kila upande. Farasi wengi wa umbo lake huangukia karibu na sentimita 12.5, lakini pima wako. Kuhusu unene, nilipokuwa saisi Nairobi tuliambiwa nene ndiyo ya huruma. Si lazima iwe hivyo. Ulimi wa farasi umejaa kinywa chote, na kaakaa la wengine liko chini sana. Chuma cha milimita 18 hakina pa kukaa. Anza na 14. Urefu wa ugwe wa shavu uifanye lijamu iguse pembe za midomo ikiacha mkunjo mmoja, kisha fungua mdomo uhakikishe haigusi jino lolote.

Siku za kwanza avae tu zizini, bila hatamu, apewe nyasi kidogo ajifunze kuibeba kwa ulimi. Halafu mfundishe kwa kamba ndefu ukiwa chini. Ukimpanda, kaa kwenye mwendo wa kutembea, mrefu na wa raha, kwa wiki nyingi. Omba kwa kidole, akiitikia hata kidogo legeza papo hapo. Akianza ungamia usivute. Mpunguze kasi mpaka mapigo manne yarudi. Daktari akimtoa jino, mwendeshe kwa hatamu ya puani, inayozunguka pua bila chuma kinywani. Wapanda Paso Fino, aina nyingine ya farasi wa telki, huwaanzisha farasi wao hivyo tangu zamani, na telki haiharibiki.

Bosi mwambie kwa heshima, na umwonyeshe, maneno pekee hayatoshi. Lijamu ya mikono mifupi inaweza kuja baadaye, akiwa na miaka minne au mitano na kila kitu anakifanya vizuri kwenye ile ya pete, mnyororo ukiwa unapitisha vidole viwili. Tamaa ya kuulazimisha mwendo imewatesa sana farasi hawa. Marekani ilibidi itunge sheria mwaka 1970 kuzuia watu kuwaumiza miguu kwa dawa na minyororo ili wanyanyue kwato maonyeshoni. Wewe usiingie njia hiyo, hata kwa kuanzia mdomoni.

SWALI: Lijamu yangu imeshika kutu. Niitupe? – Msomaji, Gilgil.

JIBU: Inategemea. Kuna lijamu za chuma kisichopakwa kitu, zilizokusudiwa zishike kutu nyepesi ya kahawia, na farasi wengi huipenda ladha yake, wakatoa mate. Hiyo suuza kwa maji matupu, bila sabuni. Lakini kama ni ya kupakwa, na rangi ya fedha inabanduka, kingo zake zinakata. Pitisha kitambaa cha pamba kuizunguka yote, hasa kwenye viungo. Nyuzi zikinasa popote, itupe.