Harufu ya gesi isingoje fundi wa kesho

Dada yangu, umesema fundi alikutolea mtungi wa kilo 13 nje, akapitisha mpira kwa tundu la ukuta hadi jikoni na sasa kila asubuhi wasikia harufu chini ya kabati. Funga mtungi saa hizi. Usiguse swichi yoyote hata ya feni, fungua milango na madirisha, manake hii gesi ni nzito kuliko hewa, yalala sakafuni, ndo mana waisikia ukiinama.

Harufu ikiisha kabisa, koroga sabuni ya vyombo na maji kidogo, jiko likiwa limefungwa fungua mtungi kisha paka kila kiungo, kwa regyuleta ile ya juu ya mtungi, kwa klipu zinazobana mpira, nyuma ya jiko. Ukiona povu linafura polepole hapo ndo pavuja, funga tena na usipike. Kiberiti usipimie kabisa, nakuomba.

Mimi nashuku lile tundu. Mpira wangu hapa Likoni nilipouvuta, ulikuwa umebanwa na simiti mpaka umepasuka mistari midogo midogo kama kisigino, na klipu imeliwa na chumvi ya bahari, ukiigusa yatoa unga mwekundu. Mwambie fundi atie paipu ya kopa, yaani shaba, pale ukutani ipite ndani ya paipu nyengine, asifiche kiungo chochote ndani ya simiti, na klipu ziwe za stenlesi, zile za rahisi huku pwani hazikai. Akimaliza apime kwa sabuni nawe watazama, ndo umlipe.